Gulab jamun zanipasukia kwenye karai na Diwali ndo hiyo yaja, nisaidieni

mama_wawili
Asalam aleikum wapishi, mwenzenu nataka msaada wa haraka. Juu yetu hapa Ganjoni, Mombasa, anakaa bibi mmoja wa Kigujarati, sote twamwita Ba, na kila Diwali, sikukuu yao Wahindu, sahani yake hushuka kwetu imejaa, jalebi, gulab jamun zile tonge za maziwa za kukaanga zikaloweshwa shira, chevdo, na sisi Idi twampandishia kaimati na vitumbua, mwajua tena sahani hairudi tupu. Sasa mwaka huu kavunjika mkono, hawezi kukanda, wanawe wote wako Uingereza, nikasema basi ntampikia mimi kimyakimya. Weee! Nimechukua maziwa ya unga kikombe kimoja, unga wa ngano robo kikombe, bekin pauda kijiko kizima cha chai, nikazitia kwenye mafuta yamoto vile nikaangavyo kaimati. Zingine zimepasuka, zingine nje nyeusi ndani unga mbichi, na zilizopona shira haiingii, ngumu kama kokoto. Nimekosea wapi?

karai_moto
Dadangu umezipika kaimati ndo maana 😂 Vipimo si vibaya ila hiyo bekin pauda ni nyingi mno, robo kijiko cha chai yatosha, ikizidi zafura zapasuka. Sugua kwanza samli kijiko kimoja cha mezani na huo unga, halafu maziwa baridi kidogo kidogo, na usikande kama wakanda chapati, kusanya tu kwa vidole ushikane, funika dakika kumi. Ukiviringa angalia kusiwe na ufa hata kama unywele, maana ufa wa mkononi ndo huo huo utafunguka kwenye karai. Sasa moto. Hapo ndo wengi twaharibu. Weka mdogo kabisa, dondosha kipande cha unga, kikizama kisha kikapanda polepole bila kugeuka rangi, tia zako. Kikiruka juu hapo hapo, zima gesi ungoje. Na uwe wazigeuza tu, hata dakika saba nane, usiende kushika simu.

bondeni_kwetu
Si ununue tu dukani, jasho lote hilo la nini

samli_safi
Wewe hapo juu hujapikiwa na mtu ndo shida yako. Mimi Muhindi wa hapa hapa Mombasa, nakwambia mama_wawili, Ba atafurahi mpaka alie. Lakini kitu kimoja: Wagujarati wengi wa Kihindu hatuli nyama, samaki wala mayai, kwa hivyo fungua mafuta mapya, yale yaliyokaangiwa samaki au sambusa za nyama usiyaguse, na karai bora uazime ya kwake mwenyewe. Shira nayo si ile ya kaimati, ile twaipika nzito igande juu, hii iwe nyepesi inywewe, sukari kikombe na nusu, maji kikombe na nusu, ichemke mpaka inate vidoleni lakini isivute uzi. Iliki, zafarani ukiwa nayo, marashi mawaridi ukishazima, ndo gulab yenyewe hiyo, na jamun ni zambarau kwa lile umbo lake. Zitie shira ikiwa yamoto ila haichemki, ziache kama saa mbili, na uviringe ndogo maana zitafura humo. Jalebi ndo zataka shira ya uzi mmoja, yaani ukiivuta kwa vidole yatoa uzi, zaingia zatoka, na hizi mvua za vuli zalegea upesi, kaanga siku hiyo hiyo.

karai_moto
Hapo kwa mafuta umenena, mimi hata sikuwaza

mama_wawili
Nimerudi jamani. Nimejaribu kumi na mbili, mkono umekufa ganzi kwa kugeuza, lakini imepasuka moja tu na baba watoto kaila kabla hata haijaona shira. Ndani zimeiva, laini! Karai nimeenda kuiazima kwa Ba, nikamwambia yangu imetoboka. Kanitazama weee, hakusema kitu, kaingia ndani katoka na karai, na juu yake kijikaratasi cha zafarani, akaniuliza, "shira umeshapika au bado?"