Naomba ushauri: mtungi wa gesi uwekwe wapi kwenye nyumba za Mji wa Kale?

Asalaam alaykum ndugu zangu wa Lamu. Tangazo la tahadhari ya moto lililobandikwa mtaani linataka mitungi ya gesi ikae nje. Nyumba ni ya mawe, jiko liko juu chini ya makuti, na uchochoro wa mlangoni punda mmoja hupita kwa tabu, kwa hiyo hiyo "nje" haipo. Kilichopo ni kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati ya nyumba. Tatizo, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja humo hutuama chini na kuingia kwenye karo. Mtungi ukibaki juu nako, cheche moja kwenye makuti huku kaskazi inavuma, majirani wote hatarini.

Kwa sasa mtungi wa kilo 13 umesimamishwa upande wenye upepo, mpira ni mpya, na maungio yamepimwa kwa povu la sabuni. Hayavuji.

Mpira si wa kurefusha ovyo. Zaidi ya mita moja na nusu sithubutu. Je, bomba la shaba lahimili hewa ya chumvi, au lipitishwe ndani ya plastiki? Na kuna aliyeruhusiwa na wahifadhi wa mji kuweka bati juu ya jiko pekee, makuti yabaki kwingine?