Stand by Me: wewe uliusikia kwanza kwa sauti ya nani? Tupeane uzoefu

#1
Wakuu, heshima kwenu. Leo naomba tuzungumzie wimbo mmoja tu. Mimi niliukuta kwenye kanda ya marehemu baba, umeimbwa na John Lennon, ule wa 1975, nikakua nikijua ni wake. Nimeshakuwa mtu mzima ndipo nikamsikia mwenyewe, Ben E. King, aliyeurekodi New York Oktoba 1960 ukatoka 1961. Lennon anaita kwa nguvu, kama anayeogopa utaondoka. King hana haraka. Besi inaanza inatembea taratibu, vayolini zinakuja baadaye zinapanda, na yeye bado ametulia. Wiki tuliyomzika baba nilisikiliza huo wa King, kanda sikuigusa.
Wewe je? Ulikuwa wapi ulipokukuta?

#2
Mkuu, umenigusa. Nimepiga besi bendi ya hoteli pwani ya Mombasa miaka mingi, kila usiku tukipiga kopi, yaani nyimbo za wasanii wengine. Kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, ni nne tu, A, F shapu maina, D na E, zinazunguka mpaka mwisho, ndiyo maana kila mtu anaweza kuuvaa. Mickey Gilley aliufanya kantri 1980, Prince Royce akauingiza kwenye bachata, muziki wa dansi wa Jamhuri ya Dominika, 2010, hata Muhammad Ali aliuimba akiwa bado Cassius Clay. Lakini besi ile ukiiharibu hakuna wimbo.

Kulikuwa na mzee na mkewe, wageni wa kila Desemba, waliuomba kila usiku wakacheza wameshikana. Mwaka mmoja mzee akaja peke yake. Akanifuata jukwaani, akaomba tuupige bila mwimbaji. Nikaanza besi, kinanda kikafuata. Yeye alikaa mezani akisogeza midomo bila kutoa sauti, mstari kwa mstari. Sijawahi kupiga kwa uangalifu kama usiku ule.

#3
Poleni na hongereni kwa pamoja. Mimi ni mwanakwaya, na siku zote niliusikia kama wimbo wa ibada. Kumbe sikukosea: King alianzia kwaya za kanisani, na mchungaji Charles Albert Tindley wa Philadelphia alikuwa na wimbo wa dini wenye jina hilohilo tangu 1905. Tarehe 19 Mei 2018 nilikuwa wodini, mwanangu wa kwanza ana siku mbili, runinga inaonyesha harusi ya Harry na Meghan kule Windsor. The Kingdom Choir, kwaya ya injili ya Uingereza, wakauimba, Karen Gibson akiwaongoza. Taratibu mno! Muuguzi aliacha kuandika. Kwangu hilo ndilo toleo, mnisamehe wazee wa 1961.

#4
Dada yangu, hakuna wa kukusamehe, umesema kweli. Mimi ni wa filamu ya 1986 yenye jina la wimbo. Ndiyo iliyomrudisha King hewani, mwaka uliofuata akashika namba moja Uingereza, robo karne baada ya kuurekodi. Tuliitazama vijana wanne kwenye banda la video. Tumebaki wawili.

#1
Asanteni sana. Mkuu #2, yule mzee alirudi Desemba iliyofuata?

#2
Hakuonekana. Tuliupiga hata hivyo, saa ileile, bila mwimbaji.