Studio walinifutia kovu, nikafika kwenye usaili sitambuliki. Nipigeje picha ya uso?

BintiUyole
Wakuu, shikamooni mnaostahili. Nipo Uyole, Mbeya. Mwezi uliopita nilipanda basi mpaka Dar kwenye usaili wa tamthilia. Picha nilikuwa nimeshatuma, nilipigwa studio moja ya mjini kwa elfu kumi na tano. Dada aliyekaa mezani akaitazama picha, akanitazama, akaitazama tena. "Huyu ni wewe?"

Nina kovu linalokata nyusi ya kushoto, nililipata darasa la tatu nilipoanguka na ndoo ya maji. Studio walilifuta bila kuniuliza, uso wakaufanya rangi ya chai ya maziwa. Sikuitwa tena. Sisemi ni picha tu iliyoniangusha, lakini lile swali limenikaa moyoni.

Nahitaji picha ya kuombea kazi za kuigiza, na nyingine ya biashara yangu ya parachichi. Simu ninayo, na mdogo wangu wa kunipiga yupo. Nianzie wapi?

FundiPicha_Kihesa
Kamwene dada, pole sana. Napiga picha Iringa mwaka wa kumi na moja huu, na habari kama yako inaniuma kila nikiisikia.

Anza na mwanga. Ukungu ukishapanda, kama saa nne asubuhi, tafuta kibaraza kinachotazama uwazi. Simama kivulini, hatua moja tu kutoka ukingo wa paa, uso uelekee nje. Mdogo wako akutazame mboni za macho. Akiona kinukta cheupe kwenye kila jicho, hapohapo usihame. Asipokiona, geuka taratibu mpaka kitokee. Jicho lisilo na kile kinukta linaonekana limelala hata kama umelikodoa.

Halafu udongo. Udongo wetu mwekundu ukipigwa na jua unarudisha wekundu chini ya kidevu na shingoni, na majani nayo yanarudisha ukijani. Nilihangaika muda mrefu kabla sijajua unatoka wapi. Tandika shuka jeupe chini, mbele ya miguu yako. Wekundu unaondoka, na vile vivuli vya chini ya macho vinapungua.

Mpiga picha asikusogelee. Akiwa nusu mita, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Asimame mita moja na nusu mpaka mbili, ndipo avute picha karibu kwa zoom ya simu, mara mbili (2x). Sisi wa kamera kubwa tunapenda lenzi ya milimita 85 kwa sababu hiyohiyo, inatuweka mbali na uso wa mtu.

Ukuta wa nyuma usiwe mweupe. Simu ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, uso wetu mweusi unazama, kisha fundi anakuja "kuuokoa" kwa kuuchubua kwenye kompyuta. Mdogo wako aguse jicho lako kwenye kioo cha simu, apandishe mwanga kidogo. Ngozi nyeusi iliyopewa mwanga wake ni nzuri, haina cha kurekebishwa. Chunusi ya wiki hii itoe ukitaka. Kovu la darasa la tatu liache.

MamaTukuyu
Ndaga fijo kaka, umesema vema. Mwanangu, mimi huwa nachagua waigizaji wa maigizo yetu ya kanisa, na naangalia macho kwanza. Nguo iwe ya rangi moja, isiyo na maandishi wala mistari myembamba. Suka nywele zilezile utakazokwenda nazo. Piga mbili: moja umetulia, moja unacheka meno yakiwa nje, kwa sababu mtu akicheka sura yake inakuwa nyingine kabisa. Marekani waigizaji huchapisha picha ya inchi 8 kwa 10. Huku tunatumiana WhatsApp, basi itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa, zile nyusi zinakuwa ukungu.

Mbegu_Makambako
Kwa biashara, vaa unachovaa ukienda kukutana na mteja, na acha nafasi juu ya kichwa. Mitandao mingi inaikata picha kuwa duara, na nimeona watu wazima wamekatwa paji la uso. Mnunuzi wangu mmoja alishuka stendi ya Makambako akanijia moja kwa moja katikati ya watu, hatujawahi kuonana. Ni ile picha.

BintiUyole
Ndaga sana kaka, mama, na wewe wa Makambako. Tumepiga leo kibarazani kwa jirani, shuka la mama chini. Ile ya kwanza nilikuwa nimekaza macho kuelekea jua lilipo, kinukta kipo lakini nimekunja uso. Tukageuka kidogo. Tumepiga kama mia na arobaini, nimebakiza mbili.

Ninayoipenda zaidi sikujiandaa. Mdogo wangu aliniuliza kama nimefunga banda la kuku, na mimi nilikuwa bado nafikiri jibu. Mdomo umefunguka kidogo, nyusi ya kushoto imepanda, na kovu linaonekana lote. Mama ameishika simu akasema, "Huyu ndiye wangu."

Ya parachichi nitapiga Jumamosi, nikishafua blauzi ya bluu.