Trekta ndogo na mashine ya kurusha theluji: nifunge ya mbele au ya nyuma?

mkazi_wa_ziwani
Wakuu habari za baridi. Niko Hamburg, kusini ya Buffalo, jimbo la New York, na wanaokaa huku wanalijua hili Ziwa Erie, maji yakiwa bado hayajaganda na upepo ukatoka upande wa ziwani tunamwagiwa theluji sisi tu, mwenzako wa mtaa wa kaskazini anaona jua. Ile ya Novemba 2022 ilishusha inchi 80 hivi kwa siku chache, yaani mita 2, milango ilikuwa haifunguki. Sasa kuna jamaa ananiuzia trekta ndogo ya mtumba, dizeli, hosipawa 24, ina kijiko mbele. Nataka niifungie mashine ya kurusha theluji nisafishe draivuwei (njia za gari za kuingilia nyumbani) za majirani kwa hela, nyumba kumi na kitu, zote mtaa wetu na wa pili yake. Swali langu, nifunge ya mbele au ya nyuma? Bei zinapishana sana.

fundi_dizeli_MN
Mkuu, kwa nyumba zote hizo chukua ya mbele. Ya nyuma ni rahisi kwa bei, unaifunga kwenye mikono mitatu ya nyuma ya trekta na PTO (shafti ya trekta inayozungusha mashine) ya mizunguko 540 kwa dakika basi, kijiko kinabaki mbele, ila kazi yote ni kinyumenyume, usiku mzima umegeuza shingo, na theluji uliyotakiwa kuirusha umeshaikanyaga kwanza kwa matairi. Ya mbele inaendeshwa na PTO ya katikati chini ya tumbo la trekta, inazunguka kama 2,000 kwa dakika, kwa hiyo kabla ya kulipa chungulia kama hiyo trekta inayo, nyingine hazina. Na kijiko lazima kitoke.
Halafu uzito. Zile tairi za kutembelea kwenye nyasi za bustani zinateleza kwenye barafu vibaya, funga cheni nyuma, na nyuma kabisa tundika sanduku la zege, maana ile mashine ikining'inia mbele matairi ya nyuma yanakuwa mepesi.
Dizeli namba 2, ile ya kawaida, ina nta, baridi ikikaza inaganda, filta inaziba na unabaki umesimama barabarani saa kumi alfajiri. Weka ya msimu wa baridi au namba 1, na hita ya injini ichomekwe usiku.

pikapu_tu
Mnamchosha bure. Anunue blade ya kusukuma afunge kwenye pikapu, draivuwei moja dakika chache anaenda nyingine, na kwenye kiti kuna hita. Trekta ya wazi kwenye upepo wa ziwa ni adhabu

fundi_dizeli_MN
Blade ni haraka Desemba. Ikifika Januari kingo zote zimejaa, unasukumia wapi? Mashine inarusha juu ya ile lundo mpaka katikati ya uwanja, ndiyo faida yake. Na kwao ni inchi 80 siyo 8.

mama_wa_duluth
Ndugu, mashine mtaelewana, mimi niongelee hela maana mume wangu anafanya hii kazi. Patana kwa msimu mzima, mwenye nyumba alipe kabla theluji haijaanza, ukisema kila ikianguka utalipwa mtatoana macho, huyu anasema ilikuwa inchi 1 tu huyu anasema hakuniita. Na andikeni kabisa kama ile lundo ngumu ambayo gari la mji la kusukuma theluji linaiacha mdomoni mwa draivuwei imo kwenye bei au haimo, kwa sababu utasafisha saa kumi na moja vizuri, gari linapita saa moja, mteja anakupigia amekasirika. Bima ya biashara kata, usitegemee ya nyumba, ukirusha jiwe kwenye kioo cha mtu hiyo haikujui. Vijiti vya alama chomeka pembeni mwezi wa kumi, ardhi ikiganda haviingii. Na usirushe barabarani, hapa Minnesota ni kosa la kisheria kabisa.

mkazi_wa_ziwani
Asanteni sana, basi ni ya mbele. Ile theluji ya maji maji ya mwezi wa tatu haizibi bomba la kurushia?

fundi_dizeli_MN
Inaziba, tena sana. Kabla hujatoka nyunyiza silikoni ndani ya bomba, ukiwa kazini injini iwe juu kabisa na mwendo wa trekta ndio uwe polepole, usipunguze injini, feni ikizembea ndipo inaziba. Ikiziba ZIMA INJINI, shuka, zibua kwa kijiti. Mkono usiingie hata kama kila kitu kimesimama, skrubu, ile parafujo kubwa inayovuta theluji ndani, huwa imekaza na ikiachia inajizungusha kidogo, hicho kidogo kinatosha kuondoka na vidole. Na beba bolti za kukatika mfukoni, zile laini za kiwandani, ukipiga gazeti lililoganda au jiwe zinakatika zenyewe zinaokoa giaboksi, usije ukaweka bolti ngumu ya dukani ukaona umeshinda.

mkazi_wa_ziwani
Magazeti ndiyo yamejaa huku 😅 na nyumba mbili zina kokoto badala ya lami

mama_wa_duluth
Hizo zishushie viatu vya pembeni vya mashine, vile vyuma vinavyoteleza ardhini, mdomo wa mashine ukae kama inchi 1 juu ya ardhi, hiyo theluji ya chini iache igande. Mwambie mwenye nyumba mapema kwamba haitakuwa nyeusi kama ya jirani.