Mtu wa sukari aweke nini kwenye chai: vidonge vya aspatemu, stivia au asali?

Dada_Tukuyu: Wakuu poleni na baridi. Mama angu ana sukari na chai haachi, sasa jana nko Mwanjelwa nikaona vidonge vya utamu vya aspatemu na unga wa stivia, ule utamu wa majani, ila stivia bei imechangamka kweli. Jirani anasema hizo kemikali zinaleta kansa, mpe asali tu. Nichukue kipi?

Kihesa77: Asali. Nyuki hana kiwanda. Hiyo aspatemu hata WHO, shirika la afya duniani, walishasema ni kansa.

NesiMafinga: Kihesa taratibu mzee. Julai 2023 taasisi ya WHO ya utafiti wa kansa waliiweka kundi 2B, yani huenda inasababisha ila ushahidi ni mdogo, na humo humo kuna dondoo la jani zima la aloe vera ambayo nyie mnakunywa kama dawa. Afu kipindi hicho hicho kamati ya wataalamu wa FAO (shirika la chakula la Umoja wa Mataifa) na WHO wakaacha kiwango cha juu cha kutumia palepale, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 70 mpaka apige soda za dayati zenye aspatemu zaidi ya 9 hadi 14 kwa siku ndo avuke, chai ya mama haifiki huko. Wa kuikwepa kabisa ni wenye feniliketonuria, ugonjwa wa kuzaliwa nao. Asali sasa ndo inanitia hasira, ile ni glukosi na fruktosi, inapandisha sukari vizuri tu, na mgonjwa akishaambiwa ni dawa anamimina bila kupima.

Uyole_mpishi: Dada aspatemu usiitie sufuriani, ikichemka sana utamu unapotea, weka kikombeni chai ikishaiva. Kwa maandazi bora sukralosi, kitamu kingine, inavumilia moto. Stivia ni nzuri ila inaacha kauchungu flani, na geuza paketi usome, nyingine wamejazia dekstrosi au maltodekstrini, unalipia stivia kumbe humo kuna wanga.

Kihesa77: Sawa nesi. Mi sina sukari, nakunywa soda za ziro kupunguza kitambi, hapo je?

NesiMafinga: Hapo ndo WHO wamekukataza haha. Mei 2023 walishauri hivi vitamu visitumike kupunguza uzito, kwa muda mrefu havisaidii. Ila wenye kisukari tayari hawamo kwenye ushauri huo. Kunywa maji.

Uyole_mpishi: Na pipi zile za sorbitoli, kitamu cha pipi zisizo na sukari, usizifakamie, utashinda chooni.

Dada_Tukuyu: Asanteni, nachukua vidonge. Na biskuti zilizoandikwa "bila sukari" je? Mama anakula pakti nzima anasema hizo zake ni ruksa.

NesiMafinga: Mnyang'anye leo leo! Unga wa ngano ni ule ule, nao unapandisha sukari, mpime kabla na masaa mawili baada ya kula, mwonyeshe namba mwenyewe, maneno yako hatayasikia.