Ushauri: fonti ya kuchekesha kwa kichwa cha hadithi ya watoto, herufi A zinaniharibia

KalamuTamu: Wakuu, salaam. Natengeneza kijarida cha hadithi za watoto. Kichwa cha jalada ni NG’OMBE KAVAA KANZU. Nataka herufi nene zilizoumbwa kwa mkono, zinazochezacheza, hii imeinama, ile tumbo nje. Nimepata fonti tamu mtandaoni, ila nikiandika kichwa chote raha inakwisha. A zote nne zimelalia kushoto vilevile, na zile mbili za mwisho wa KAVAA ni mapacha waliovalishwa sare. Mhariri anasema niweke Comic Sans tumalize. Nifanyeje?

fundi_mabango: Mkuu, jicho lako liko sawa. Fonti nyingi za namna hii hujaribiwa kwa maneno ya Kiingereza. Sisi maneno yetu yanaishia irabu, na A ndiyo imejaa kila kona, kwa hiyo siri inafichuka haraka. Tafuta fonti yenye maumbo mbadala, ile ambayo herufi ikijirudia inabadilika yenyewe. Jaribu Shantell Sans, iko Google Fonts, imetokana na mwandiko wa msanii Shantell Martin. Ina kipimo cha Bounce kinachorusha herufi juu na chini, na Informality cha kuzilegeza. Leseni yake inaruhusu hata kazi ya kuuza. Hiyo uliyopata isome leseni kwanza, nyingi za “bure” ni za matumizi binafsi tu.

MamaVitabu: Mhariri msimcheke. Vincent Connare aliichora Comic Sans mwaka 1994 pale Microsoft baada ya kuona mbwa wa katuni kwenye programu ya Bob anaongea kwa Times New Roman. Nia ilikuwa hiyohiyo yenu. Ila kwa jalada mimi naiona imepoa.

mzee_wa_vekta: Kama unaipenda uliyonayo, baki nayo. Andika kwenye Inkscape, programu ya kuchorea, geuza maandishi yawe mchoro kwa Shift+Ctrl+C, kisha tenganisha kundi. A moja ipindue kwa kubonyeza H: kushoto kunakuwa kulia na bado ni A. Nyingine izungushe kidogo, ya tatu inenepeshe. K, N na Z usizipindue, zitasomeka kinyume. Weka nakala ya maandishi pembeni, maana ukishageuza huwezi tena kusahihisha tahajia.

Halafu itazame ile alama ya NG’. Fonti ikiwa haina, programu huazima ya fonti nyingine na inaonekana mgeni. Chukua mkato wa fonti yako, upandishe juu.

brashi_na_rangi: Herufi 16 tu jamani! Chora kwa mkono, piga picha, kazi imeisha.

KalamuTamu: @brashi_na_rangi kila toleo lina kichwa kipya, mkono wangu hautafika. @mzee_wa_vekta nimepindua A moja ya KAVAA na kupandisha mkato. Mhariri kapitisha, sasa anataka kanzu iongezwe mfuko.