Winnie Madikizela-Mandela apimwe kama kiongozi, si kama mke wa mtu

Ndugu zangu, hoja iliyozuka katika kikao chetu cha vijana na wazee hapa Kisumu ni hii: je, tuwafundishe mabinti zetu kumuenzi Winnie Madikizela-Mandela, mpigania ukombozi wa Afrika Kusini aliyeolewa na Nelson Mandela, au jina lake libaki na doa? Mzee mmoja alisema mama huyo alimwaibisha mumewe, naye dada mmoja akamjibu kwamba yote yaliyosemwa dhidi yake ni uzushi wa polisi wa makaburu. Kwa heshima zote, siafikiani na yeyote kati yao.

Mzee, ndoa ile ilifungwa mwaka 1958, mume akakamatwa mwaka 1962 na hakutoka gerezani hadi 1990. Sisi wa Nyanza hatuhitaji kuelezwa sana maana yake, kwa kuwa Raila Odinga alipowekwa kizuizini baada ya jaribio la mapinduzi la 1982, ni Ida aliyebaki akifundisha na kulea watoto. Lakini Winnie hakuachwa hata alee watoto wake. Mwezi Mei 1969 polisi walimchukua akiwaacha mabinti wawili, mmoja wa miaka 10 na mwingine wa miaka 8, akakaa korokoroni siku 491, nyingi kati ya hizo akiwa peke yake katika seli. Mwaka 1977 walimhamishia Brandfort, mji mdogo wa Orange Free State, katika nyumba namba 802 isiyokuwa na umeme wala maji ya bomba, miongoni mwa watu waliozungumza Kisotho ilhali yeye ni Mxhosa. Walitaka asahaulike huko. Yeye akaanzisha zahanati na shule ya chekechea. Huyu alikuwa amesomea ustawi wa jamii na kufanya kazi katika Hospitali ya Baragwanath kabla hajaolewa, kwa hiyo tusiseme kwamba ujasiri wake aliuazima kwa Mandela. Habari za chumbani mwake hazituhusu. Viongozi wa kiume wa ukombozi hatuwaulizi habari hizo.

Dada yangu naye ana ukweli mkononi. Polisi wa usalama walikuwa na kitengo cha propaganda, Stratcom, kilichomchafua kwa makusudi. Hata Jerry Richardson, kocha wa Mandela United, klabu ya soka ya vijana waliokuwa walinzi wa Winnie, aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya Stompie Seipei, alikiri kuwa alikuwa mpasha habari wa polisi.

Hata hivyo Stompie alikuwa mtoto wa miaka 14. Mwishoni mwa 1988 yeye na wenzake walichukuliwa kwa nguvu kutoka nyumba ya kanisa la Methodisti huko Soweto, wakapelekwa nyumbani kwa Winnie, wakapigwa, na Stompie akauawa. Mwaka 1991 mahakama ilimtia Winnie hatiani kwa utekaji nyara; rufaa ya 1993 ilimwondolea kifungo cha gerezani, lakini hatia hiyo haikufutwa. Tume ya Ukweli na Maridhiano nayo ilisema anabeba dhamana ya kisiasa na ya kimaadili kwa maovu ya kundi lile. Na mwaka 1986 pale Munsieville alisema hadharani kwamba wataikomboa nchi kwa viberiti na kwa yale matairi yenye petroli waliyovishwa watu shingoni. Maneno hayo hayakutungwa na Stratcom.

Tukidai kwamba polisi ndio waliomchezea katika yote hayo, tunamnyang'anya akili na uamuzi wake mwenyewe, mambo yale yale tunayomsifia tunapotaja Brandfort. Mimi siwezi kumdhalilisha hivyo.

Napendekeza basi habari za Brandfort zifundishwe kikamilifu, na katika kipindi hicho hicho jina la Stompie litajwe pamoja na umri wake. Anayetaka jina hilo liachwe nje, au anayetaka Winnie mwenyewe aachwe nje kwa sababu ya jina hilo, naomba atoe sababu zake hapa, tuzipime.